Kigoma hadi Dar ni saa mbili angani, lakini safari inaanzia Kibondo

Ukiiuliza simu umbali kutoka uwanja wa ndege wa Kigoma hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, itakujibu kilomita 1,080 hivi. Kurasa nyingine huongeza kwamba ndege inatumia saa moja na nusu au pungufu. Umbali ni sahihi. Huo muda ndio wa kuuangalia vizuri.

Kilomita 1,080 ni mstari ulionyooka. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hupita Dodoma na Tabora, ndiyo maana ina urefu wa kilomita 1,250 hivi. Muda nao mara nyingi hukokotolewa kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kama kilomita 800 kwa saa. Pangaboi kama Dash 8-400 ya Air Tanzania, yenye viti 76, haifiki mwendo huo. Kwa pangaboi weka saa mbili, na ikitua Tabora njiani kuchukua abiria, ongeza tena.

Hata hivyo, kwa msikilizaji wa Kasulu au Kibondo angani ndiko kwepesi. Kasulu hadi Kigoma mjini ni pungufu kidogo ya kilomita 100. Kibondo ni zaidi ya 200. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili anaweza kumaliza muda mrefu zaidi kwenye gari kuliko kwenye ndege, na kaunta ya abiria hufungwa kabla ndege haijaondoka. Kwa maoni yetu, mradi wa lami wa Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, una uzito katika hesabu hii kuliko ndege yoyote mpya.

Kuna jambo linaloonekana dogo, nalo ni saa. Tiketi ikiandikwa 07:00, ni saa moja asubuhi. 13:00 ni saa saba mchana. Halafu sisi tuko jirani na Burundi, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu inayojipangia saa yenyewe, ikinasa mtandao wa ng'ambo, inaweza kukurudisha nyuma saa nzima bila wewe kujua. Kabla ya safari, zima mpangilio huo au linganisha na saa ya redio.

Je, wa Kibondo aende Kigoma au Mwanza? Kwa barabara Mwanza ni mbali zaidi, kupitia Kakonko, Nyakanazi na Geita. Lakini kutoka huko hadi Dar angani ni kama kilomita 850 tu, na ndege ni nyingi zaidi, hivyo ukikosa ya asubuhi hujakwama. Zamani foleni ya kivuko cha Busisi iliweza kuharibu mpango wote. Tangu Juni 2025 gari linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Kwa Kasulu swali hilo halipo, Kigoma ni karibu mno. Kwa Kibondo, uliza kwanza ndege ya Kigoma inaruka siku gani na saa ngapi. Ikiwa ni ya asubuhi, lala Kigoma usiku wa kuamkia safari, na gharama ya kulala uihesabu pamoja na nauli.