Jiwe Moja Lisipakwe Chokaa

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi karibu na Kisumu, kila muhula ulipokaribia kufungwa tuliamrishwa kuyasugua mawe yaliyopangwa kandokando ya njia ya shule, kisha kuyapaka chokaa. Madoa ya kijivu na manjano yaliyoyafunika tuliambiwa ni uchafu. Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba tulikuwa tukiua viumbe.

Viumbe hao huitwa likeni. Likeni si mmea, wala si kuvu pekee. Ni kuvu iliyofanya unyumba na mwani mdogo sana, au na bakteria wenye uwezo kama wa mwani. Kuvu hujenga makao na kuhifadhi unyevu. Mwenzake hutumia nuru ya jua kutengeneza sukari inayowalisha wote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mswisi Simon Schwendener alipoutangaza ushirika huo katika miaka ya 1860, mabingwa wengi walimbeza. Leo ni elimu ya kawaida.

Likeni hazina mizizi. Hufyonza maji na madini kutoka kwa mvua na hewa, ndiyo sababu moshi wenye salfa huziangamiza aina nyingi. Tena hukua polepole mno, nyingine hata milimita moja kwa mwaka hazifikishi. Doa lenye upana wa kiganja huenda likamzidi mwalimu mkuu kwa umri.

Wenzetu wa pwani walizithamini zamani. Marere, ambayo ni likeni, iliuzwa Ulaya kupitia Unguja katika karne ya 19 ili kutia nguo rangi ya zambarau.

Sisi je? Wanafunzi wapelekwapo Kit Mikayi, kule Seme, husimuliwa kisa cha mke wa kwanza, na ni vyema. Lakini ni wangapi huambiwa wausogelee uso wa jiwe lenyewe wautazame?

Najua walimu watalalamika kwamba hawana maabara. Naam, lakini likeni hazidai maabara. Kwa lenzi moja ya mkononi, wanafunzi wanaweza kuzihesabu kwenye magome ya miti iliyo kando ya barabara ya Busia, kisha kwenye miti ya ufuoni Dunga, wakalinganisha na kujiuliza kuhusu hewa waivutayo. Hiyo ndiyo sayansi. Kunakili ubaoni maana ya kutegemeana, huku nje tukiufuta mfano wake kwa mchanga, ni kukariri tu.

Mwalimu mwenzangu, muhula huu liache walau jiwe moja bila chokaa.