Mtoto kuingia filamu si bahati, ni kazi

NYANGWE, Kasongo – Kila jina la Rachel Mwanza linapotajwa, hakosi mtu wa kusema: "Yule mtoto alikuwa na bahati." Neno hilo ni tamu masikioni lakini ni baya. Linamfanya mtoto aonekane mwombaji, na mwenye kamera aonekane mfadhili.

Rachel, mzaliwa wa Mbuji-Mayi, alisingiziwa uchawi, akaishia katika barabara za Kinshasa pamoja na watoto wanaoitwa shegue. Hakuwa amesomea kuigiza. Kim Nguyen kutoka Kanada akamchagua awe Komona, msichana anayetekwa na waasi, katika filamu ya Rebelle. Februari 2012, huko Berlin, akapata Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mwaka 2013 filamu hiyo ikawa kati ya 5 zilizoshindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni.

Sasa nani alimpa mwenzake bahati? Watengeneza filamu walihitaji uso wake, sauti yake na ukweli wa maisha yake. Mtoto aliutoa mzigo huo, na mzigo una bei.

Wengine watajibu kwamba watayarishaji walimtafutia makao na masomo. Ni kweli, na wanastahili shukrani. Lakini kinachotegemea moyo mzuri wa mkubwa bado si haki. Akija mwingine asiye na moyo huo, mtoto atabaki na picha zake kwenye simu za watu, na shule imempita.

Watu wa Nyangwe wasiseme hayo ni mambo ya Kinshasa. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliona watu wengi wakiuawa kwa bunduki katika soko la hapa, kando ya Lualaba. Siku mtu akitaka kupiga filamu ya soko lile, atahitaji watoto wa hapa, ambao hawajaigiza hata mara moja. Mzazi mwenye shida atasema "mchukue" kabla ya kuuliza lolote.

Basi maswali yaandaliwe mapema. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mzazi na mwalimu. Malipo ya mtoto yaandikwe, na sehemu yake iwekwe kwa jina lake. Kazi isile saa za shule. Akiigiza mauaji, awepo mtu mzima anayemjua, wa kumtuliza. Tena iandikwe nani atalipa masomo kamera zikishaondoka. Mwenye filamu akikataa hayo, arudi na mtumbwi uliomleta.

Lawama nyingine ni ya nyumbani. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa adhabu anayefanya hivyo. Hata hivyo, bado kuna familia na wachungaji wanaomtupa mtoto nje, kisha watu haohao wanajisifu kwamba Mkongomani ameshinda Berlin. Aliyeshinda Berlin ni mtoto yuleyule aliyefukuzwa. Machifu, mapasta na maimamu wa Nyangwe waanze hapo: mtoto alindwe akiwa bado hajulikani na mtu, hata kama kamera haitafika kwake kamwe.