FUNDI NA VYOMBO VYAKE: Jiliwa la Zamani

Asubuhi moja nilipokuwa nikipita katikati ya nyumba za Ziwani, Nairobi, nalimkuta kijana seremala ameketi juu ya meza yake ya kazi, kidole cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa. Miguuni pake palikuwa na jiliwa la chuma, ambalo mafundi wengi huliita vaisi, alilolinunua kuukuu huko Gikomba. Akaniamkia, kisha akasema, "Mzee, nimenunua hasara. Leo naliuza kwa watu wa vyuma chakavu."

Nikamwuliza habari ya kidole. Alikuwa akitoboa mguu wa kitanda kwa patasi, mti ukateleza katika jiliwa, patasi ikamwingia. Kitanda cha watu kilikuwa kimechelewa siku kumi, na arbuni alikwisha kuila.

Kabla ya kulihukumu jiliwa, nalichungulia chini ya meza. Alikuwa amelipigilia kwa misumari minne kwenye ubao mwembamba, mbali na mguu wa meza. Kila alipokaza, misumari ilitoka kidogo na mataya yakaenda upande. Nikamwambia, "Mwanangu, usiliuze. Kosa si la jiliwa."

Ndugu wasomaji, huenda mkafaidika na tuliyoyafanya siku ile.

Kwanza tulilipima. Tulitafuta ufa katika chuma, tukatazama kama meno ya parafujo kuu yamelika. Halikuwa na ila. Lilikuwa la Record, namba 52, kazi ya Sheffield, Uingereza, lenye mataya ya upana wa inchi 7. Mataya ya jiliwa la namna hii hukutana juu kwanza, na chini hubaki mwanya mdogo. Msidhani kuwa ni kasoro. Yakikazwa, hulingana na kushika sawasawa. Tulisugua kutu kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, kisha tukatia mafuta mepesi kidogo. Grisi nyingi haifai, kwa sababu hushika unga wa mbao.

Pili, mahali. Kwa mtu atumiaye mkono wa kuume, jiliwa hukaa upande wa kushoto wa mbele ya meza, karibu sana na mguu, ili meza isiyumbe mtu apigapo randa.

Tatu, kimo. Ncha za juu za mataya ya chuma yafaa ziwe chini ya uso wa meza kwa nusu inchi, ili makali ya randa yasigonge chuma. Basi hapana budi kuweka gogo la mti kati ya meza na jiliwa. Hesabu yake ni rahisi. Pima toka ncha ya taya hadi mahali jiliwa linapokalia; ongeza nusu inchi; toa unene wa meza. Mathalani, kipimo kikiwa inchi 3 na meza ni inchi 2, gogo liwe la inchi 1 na nusu.

Nne, kufunga. Tuliipindua meza, maana jiliwa ni zito na si rahisi kulishikilia kutoka chini. Tukatoboa kwa keekee, tukapitisha boliti na kutia washa na nati. Misumari haiwezi kazi hii. Taya la nyuma tulilichimbia nafasi katika ukingo wa meza, tukalivika ubao uliolingana na ukingo huo, ili ubao mrefu wa mlango uegemee meza yote. Taya la mbele nalo tukalivika ubao. Mbao hizo zilifika sawa na uso wa meza, na vichwa vya skrubu vikazamishwa ndani.

Yamebaki matumizi. Ubao ukibanwa upande mmoja tu wa mataya, taya la mbele huenda mshazari na kazi huteleza; tia upande wa pili kipande cha unene ule ule. Usiongeze bomba kwenye mkono wa jiliwa ili kukaza zaidi, wala usilifanye fuawe la kugongea chuma. Na mkulima achongaye mpini wa jembe asiubane mpaka mti ukalia; ukitulia, yatosha.

Jioni kijana alibana mguu wa kitanda, akausukuma kwa nguvu zake zote. Haukutikisika. Akacheka, akashika patasi. Jumamosi kitanda kilikwenda kwa mwenyewe.

Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe lenyewe, lisipotiwa mpini vizuri, litamlimia nani?