Pombe ni pombe? Njoo tuchungulie kiwandani

Juzi mama mmoja wa Dandora alinisimamisha kituoni akiwa na swali. Baba watoto wake alizoea bia ya kegi jioni akitoka kibaruani, lakini mfuko ulipokauka akahamia kwa mama pima kando ya mto. Kila anapomsihi ajihadhari, bwana humjibu kwa mkato: "Pombe ni pombe." Je, ni kweli?

Hebu tupande matatu tufuate Outering hadi inapokutana na barabara ya Thika, pale Allsops. Wengi hulitaja jina hilo kila siku bila kujua kwamba lilitokana na kampuni ya bia iliyokuwa hapo zamani. Karibu na hapo, Ruaraka, ndipo kilipo kiwanda cha Kenya Breweries, kilichoanzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. George aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, na bia yao ikapewa jina la Tusker kwa sababu ya ndovu huyo.

Kazi ya bia huanza na kimea, kitu ambacho si kigeni kwetu. Nyanya zetu waliloweka wimbi likachipuka, wakalianika na kulisaga kwa ajili ya busaa. Kiwandani nafaka yenyewe aghalabu ni shayiri kutoka sehemu kama Mau Narok na Timau, ingawa ile kegi ya Senator, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004 kwa ajili ya wenye kipato kidogo, siku hizi hutegemea mtama.

Kimea hupondwa kwa kinu kisha hutiwa katika pipa kubwa la chuma kisichoshika kutu, lenye maji ya nyuzi 65 hivi. Hapa ndipo penye siri yote. Joto hilo huamsha vimeng'enya vilivyomo ndani ya kimea, navyo hugeuza wanga kuwa sukari. Maji yakizidi moto vimeng'enya hufa. Yakipoa mno husinzia. Kwa hiyo halisongwi kwa kukisia kama ugali, bali kwa kipimajoto.

Uji huo huchujwa juu ya sakafu yenye matundu membamba. Maganda yanayobaki ndiyo machicha, ambayo wafugaji huwapa ng'ombe wao wa maziwa (kwa hivyo huenda hata chai yako ya asubuhi ina deni kwa kiwanda cha bia). Maji matamu huchemshwa saa moja au zaidi pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, na vijidudu hufa. Kisha hupozwa haraka kwa kupitishwa kati ya mabamba membamba, upande wa pili kukipita maji baridi.

Tangu hapo kinywaji hakiguswi na mkono wa mtu. Hupelekwa kwa mabomba hadi kwenye matangi marefu kama ghorofa, yaliyochongoka chini kama faneli. Humo hamira hula sukari kwa siku kadhaa na kuacha ethanoli na gesi, huku ukuta wa tangi ukipozwa kila wakati. Bia hulazwa kwenye baridi ili ikomae, huchujwa, kisha hupimwa tena. Chupa zilizorudishwa huoshwa kwa soda kali ya moto, hujazwa, hufunikwa, na kupitishwa chini ya maji ya nyuzi 60 hivi ili bia isichachuke. Ile ya kegi huingia kwenye mapipa ya chuma.

Sasa turudi kwa mama pima. Mume wa yule mama ana sehemu ya ukweli: kinacholewesha mtu ni ethanoli, iwe ya Ruaraka au ya mtoni, na zote mbili huharibu ini na bajeti ya nyumba. Ila kuna kitu kingine, methanoli, dawa ya viwandani. Nafaka na sukari zikichachushwa hutoa methanoli kidogo sana. Ile inayoua huwa imetiwa na mtu, ili lita chache ziwe nyingi na kali. Novemba mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kumi kumi katika vijiji vya Mukuru, na wengine wakapofuka. Mei 2014 msiba kama huo ukapiga tena, Embu, Kiambu na kwingineko.

Methanoli haina rangi, na puani haitofautiani na pombe ya kawaida. Vijiko viwili vya chai vyaweza kumpofusha mtu. Tena hailipuki papo hapo. Mnywaji hulala akiamka, na baada ya saa 12 au zaidi ndipo huona ukungu machoni, huumwa tumbo na kuhema kwa taabu. Majirani husema ni mning'inio tu. Sivyo! Apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe waziwazi alichokunywa, kwani dawa ya kuizuia ipo.

Yule mama alinisikiliza, kisha akaniuliza jambo moja: akiona ukungu usiku wa manane, na matatu hakuna? Nilimwambia aongee leo na jirani mwenye gari, naye akaondoka kuelekea kwa huyo jirani.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.