Hadithi Si Umbea, Dada Zangu



Leo nina la moyoni, na sitalizunguka.

Mwenye kunijua ananijua kwa cherehani. Nashona nguo za harusi, na usiku baada ya Isha, watoto wakishalala, naandika hadithi kwenye simu. Mwezi uliopita hadithi moja imenikosesha mteja. Nilimwandika bibi harusi ambaye mahari yake wakubwa waliyachukua wakalipia ukumbi, yeye hata hakuulizwa. Siku ya tatu mama mmoja akaja dukani kutaka vitambaa vyake: nguo ya harusi na sita za wasindikizaji. "Umetuandika," akaniambia. Wallahi sikuwa najua kama nyumbani kwake kuna jambo hilo. Mimi nilirusha jiwe gizani. Aliyesema "yalaa" ni yeye.

Wala si yeye peke yake. Kila nikiandika naulizwa: "Huyu nani? Ndoa yako hiyo?" Wengine wananinasihi kuwa mwanamke wa Kiislamu hakai akatunga uongo.

Basi tusikilizane. Uongo ni kumwambia mtu jambo ulilolibuni ili aliamini kuwa ni kweli. Bibi zetu walipokuwa wakisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", kila mtoto alijua sungura hasemi. Hakuna aliyemwita bibi muongo, na adabu tulizozipata pale tunazo mpaka leo. Silinganishi kalamu yangu na Qur'ani, astaghfirullah. Visa vyake ni vya kweli. Lakini Mola wetu ametufundisha kwa visa, na Surat Yusuf nzima tunaijua. Kuna moyo hausikii nasaha, ukisikia kisa unalainika.

Ninachokiogopa ni kusengenya, maana Surat Hujurat imekufananisha na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Ndiyo maana simwandiki mtu. Naandika kama ninavyoshona: mkono kwa huyu, kola kwa yule, bitana yangu mwenyewe. Nabadilisha mtaa, kazi, idadi ya watoto. Nikimaliza najiuliza: mwenyewe akisoma, atajijua? Nikiona atajijua, nafumua. Hadithi ya kurasa nne naweza kuifumua mara tano, na mara nyingi pale ninapopapenda mwenyewe ndipo pa kutupwa. Mwenye kupiga umbea hafumui kitu. Yeye jina la mtu ndilo analoanza nalo.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa Nobel ya Fasihi, tulijifaharisha. Sikumsikia mtu akiuliza kama yale ya vitabuni yamemkuta nyumbani kwake. Basi mwanamme akitunga ni mwandishi, mwanamke akitunga ni mmbea?

Wapo pia wanaonitaka niandike ndoa za raha tupu, mume mpole, mawifi wanacheka tu. Hadithi hizo ni kama gauni la dirishani: zuri kuangalia, lakini hakuna aliyewahi kulivaa akatoka jasho. Bibi harusi aliyekaa ndani akipakwa hina anahitaji kujua mapema kuwa mahari ni haki yake yeye, Surat An-Nisaa imesema wanawake wapewe mahari yao. Tukimficha hata hadithini, atayajua kwa machozi.

Yule mama nimempa vitambaa vyake, na hadithi sikuifuta. Wiki ile ile wasichana wawili waliniandikia wakitaka kujua vipi wamuulize baba kuhusu mahari yao, bila kumvunjia heshima. Kwangu mimi hao wanatosha.

Kwa hiyo, shoga yangu, hadithi ikikuchoma usije dukani kuniuliza nimemkusudia nani. Jiulize kwa nini imekuchoma. Na kama kuna haki ya mtu mkononi mwako, mrejeshee.