Walikale na Masisi: bunduki ya kuwinda ao mtego wa waya?

Kule Ulaya na Marekani, wawindaji wanabishana sana juu ya bunduki iliyo nzuri, Mauser ao Remington. Walikale, jina la kiwanda si shida. Mwindaji anajiuliza kwanza: nikikutwa nayo njiani, watanichukua kuwa nani?

M23 iliingia Masisi-centre mwezi wa kwanza 2025, kisha Walikale-centre mwezi wa tatu, na kutoka huko mwezi wa ine. Kwenye njia hizo, mtu akibeba hata ile kalibre 12 ya fundi wa kijiji, upande mmoja watamuita Mzalendo, mwingine watamuita adui. Sheria ya 28/05/1982 inaomba permi ya kuwinda, lakini karatasi hiyo haizuii risasi.

Njo maana wengi wanaona afazali waya: haulii, na unaingia mfukoni. Masisi, pori kubwa ilishageuka malisho ya ngombe. Lakini Walikale, upande wa Parke ya Kahuzi-Biega, waya hauchagui. Umetegewa swala wa pori, unakamata mkono wa gorila, mnyama ambaye sheria inamlinda kabisa. Na vita vikianza, mwenye mtego anakimbia, hawezi kurudi kuangalia. Nyama inaozea pale pale, nyumbani wanakula sombe tupu.