Albamu Bora ya 1971: Tupime kwa Kibaba cha Nani?

Hivi majuzi wanafunzi wa shule moja ya sekondari hapa Vanga walikutana kushindana kwa hoja juu ya mada isiyo ya kawaida katika majadiliano ya shule. Waliulizana ni albamu ipi ya muziki iliyokuwa bora kuliko zote zilizotolewa duniani mwaka 1971. Upande mmoja ulimtetea Marvin Gaye wa Marekani na albamu yake ya What's Going On. Upande wa pili ukasimama na Joni Mitchell wa Kanada na albamu ya Blue. Hoja zilikuwa nzito, Kiswahili kilikuwa fasaha, na mwalimu aliyesimamia alikuwa na kila haki ya kujivunia vijana wake. Hata hivyo, tangu mjadala ulipofunguliwa hadi makofi ya mwisho yalipopigwa, haikutajwa santuri hata moja ya Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam wala Tanga, mji ambao uko karibu na Vanga kuliko ilivyo Malindi.

Hatusemi hayo ili kuwalaumu wanafunzi. Mada yenyewe haikuokotwa jalalani. Mwandishi Mwingereza David Hepworth alitoa kitabu kizima mwaka 2016 kudai kwamba 1971 ndio mwaka uliozaa matunda mengi kuliko mwingine wowote katika muziki wa roki, na mwaka 2021 ikatolewa filamu ya sehemu kadhaa kuhusu mwaka huo huo. Ushahidi wao si haba. Mbali na hizo mbili zilizotajwa, mwaka huo ulileta Tapestry ya Carole King, Sticky Fingers ya Rolling Stones na Who's Next ya kundi la The Who. Mwanafunzi anayezisikiliza kazi hizo kwa makini anajifunza jambo. What's Going On, mathalani, imeungwa kama hadithi moja: wimbo unaungana na wimbo, na anayesimulia ni askari aliyerejea kutoka vita vya Vietnam akakuta nchi yake ina dhiki ambayo hakuitarajia. Mgala muue na haki umpe. Hiyo ni sanaa, na anayeisifu hajakosea.

Aidha, mabishano ya aina hii yana faida kubwa darasani kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Yanamlazimisha kijana aache kusema "naupenda" na aanze kusema "naupenda kwa sababu". Yanamfundisha pia kwamba hukumu ya sanaa haitoki mbinguni. Jarida la Rolling Stone la Marekani lilipotoa orodha yake ya albamu 500 bora mwaka 2003, What's Going On ilipewa nafasi ya 6 na Blue nafasi ya 30. Lilipoitoa orodha hiyo upya mwaka 2020, What's Going On ikawa ya kwanza na Blue ikawa ya tatu. Albamu ya Beatles iliyokuwa ya kwanza mwaka 2003, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, ikashushwa hadi nafasi ya 24. Katika miaka hiyo 17 hakuna noti iliyoongezwa wala kupunguzwa katika albamu yoyote kati ya hizo. Waliobadilika ni waamuzi, pamoja na vigezo walivyovitumia.

Hapo ndipo penye kiini cha maoni yetu. Ikiwa waamuzi wa New York wanaweza kubadili kipimo chao, mwanafunzi wa Vanga naye ana haki ya kuuliza, kabla hajatamka jina la mshindi, kipimo alichopewa kilitengenezwa kupimia nini. Neno "albamu" si kibaba kinachopima nafaka zote. Albamu ni santuri kubwa yenye nyimbo nane, kumi au zaidi, iliyotungwa kwa ajili ya msikilizaji mwenye fedha za kuinunua, chombo cha kuipigia, na nafasi ya kukaa nyumbani akaisikiliza mwanzo hadi mwisho. Katika Afrika Mashariki ya 1971 watu wa namna hiyo walikuwa wachache mno.

Muziki wetu wakati huo ulitembea kwa santuri ndogo yenye nyuso mbili. Kila uso ulichukua dakika chache tu, ilhali wimbo wa dansi ulihitaji muda: kwanza masimulizi ya polepole, kisha magitaa yakapamba moto watu wakajimwaga uwanjani. Kwa hiyo nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili. Sehemu ya kwanza iliwekwa uso mmoja na ya pili uso wa nyuma, na mwenye gramafoni akawa hana budi kuigeuza santuri wakati wachezaji wanasubiri. Huko Tanzania nako, bendi nyingi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kazi zao zikabaki katika kanda za maktaba ya redio. Zilisikika mamia ya maili kutoka Dar es Salaam, lakini hazikuwa albamu. Mtu akiuliza leo "albamu bora ya 1971", swali lenyewe limekwisha kuufunga mlango kabla hao hawajabisha hodi.

Hebu tutazame waliofungiwa nje. Mwaka huo huo wa 1971, ndugu Wilson, George na William Kinyonga waliingia Mombasa wakaunda bendi ya Simba Wanyika. Wilson na George walikuwa wenyeji wa Tanga, waliopata malezi yao ya muziki katika Jamhuri Jazz ya mji huo tangu 1966, kisha wakapitia Arusha ambako walianzisha Arusha Jazz. Bendi yao ilidumu hadi 1994. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake walijitenga wakaunda Les Wanyika, na wimbo wa Sina Makosa wa bendi hiyo unajulikana hata kwa vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Katika orodha ya albamu, tukio hilo la 1971 halionekani kabisa. Katika historia ya masikio ya watu wa Pwani, huenda ndilo tukio kubwa la mwaka ule.

Mwaka huo pia Mbaraka Mwinshehe alikuwa bado anaongoza Morogoro Jazz, bendi iliyokuwa imetoka kupiga muziki katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Miaka miwili baadaye aliunda Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya barabarani Mombasa. Katika taarabu, vikundi vya Black Star na Lucky Star vya Tanga vilikuwa vimekwisha kuingiza magitaa ya umeme mahali palipozoeleka udi na fidla, na sauti ya Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, ilikuwa inahesabiwa miongoni mwa sauti kuu za Pwani. Hapa Kenya, Juma Bhalo na Zein l'Abdin walikuwa katika miaka yao ya nguvu.

Baadhi ya kazi hizo baadaye zilipata albamu, na namna zilivyoipata inatosha kutuonya. Nyimbo za Black Star na Lucky Star zilikusanywa na kampuni ya GlobeStyle ya London katika albamu iliyoitwa Nyota mwaka 1989, miaka mingi baada ya nyimbo zenyewe kuimbwa katika harusi za Tanga na Mombasa. Je, tuziweke katika hesabu ya 1989? Taarabu ya Mombasa nayo ilikusanywa Ufaransa katika mfululizo wa Zanzibara ulioanza kutolewa mwaka 2005, na waliokusanya hawakudai mwaka mmoja: walitaja muongo mzima, 1965 hadi 1975. Walitenda kwa busara, maana lebo nyingi za santuri zetu hazikuchapishwa mwaka. Mtu hawezi kuchagua bora ya mwaka fulani ikiwa hajui kipi ni cha mwaka huo.

Bado hatujagusa muziki ambao haukupanda santuri kamwe. Ngoma ya sengenya ya Wadigo, kwa mfano, haina toleo la kwanza wala la mwisho. Mwimbaji huyageuza maneno kulingana na hafla, wachezaji waliopo na kisa kilichotokea wiki ile kijijini. Usiku mmoja wenye kufana unaweza kuwa kazi kamili kuliko albamu yoyote, na asubuhi yake haupo tena ila katika kumbukumbu ya waliohudhuria. Katika mashindano ya muziki ya shule ngoma za Pwani huchezwa na kushangiliwa. Ajabu ni kwamba wanafunzi hao hao wakiingia katika chumba cha mjadala huzivua pamoja na mavazi yake, kana kwamba ngoma ni ya kuchezwa tu, na muziki wa kufikiriwa ni ule wa ng'ambo.

Kuna jambo jingine linaloifanya Vanga iwe mahali panapofaa kwa somo hili. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zetu mwaka 1886, mstari wao wa mpaka ulianzia hapa hapa, kwenye mlango wa Mto Umba. Orodha za muziki wa Kenya na orodha za muziki wa Tanzania zinaufuata mstari huo. Mawimbi ya redio hayakuufuata, wala bi harusi aliyeolewa kutoka upande wa pili akaja na nyimbo zake hakuufuata. Akina Kinyonga walikuwa Watanzania waliojenga jina lao Kenya. Mwanafunzi wa Vanga akiulizwa kama Simba Wanyika ni bendi ya Kenya au ya Tanzania, analo jibu ambalo mwenzake wa mbali hana: kwetu swali hilo halikuwa na maana.

Twajua kuna watakaosema kwamba tunataka kuiondoa orodha ya wageni na kuweka orodha ya wenyeji mahali pake. La hasha. Kupenda cha kwetu si hoja, na mwanafunzi atakayesimama kusema kwamba Simba Wanyika ni bora kuliko Marvin Gaye kwa sababu tu akina Kinyonga walizaliwa Tanga anastahili kunyimwa alama. Tunachotaka ni mizani moja yenye sahani mbili, na kitu katika kila sahani. Wengine watasema huu ni upuuzi wa muziki huku mitihani iko mlangoni. Hao tunawakumbusha kwamba nyimbo ni sehemu ya fasihi simulizi inayotahiniwa, na kwamba kijana aliyejifunza kukichunguza kigezo katika muziki atakichunguza vile vile katika siasa, katika biashara na katika matangazo anayoletewa na simu yake.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu wa Kiswahili na wa muziki katika Vanga, Jimbo, Majoreni na Lunga Lunga zoezi lisilohitaji fedha. Mada ibaki ile ile, mwaka ubaki 1971, lakini neno "albamu" liondolewe na badala yake iulizwe: ni wimbo gani uliosikika katika mji huu mwaka ule unaostahili kukumbukwa, na kwa nini? Wiki mbili kabla ya mjadala kila mwanafunzi aende kwa mzee mmoja, bibi au babu, akiwa na daftari. Aandike jina la wimbo, la bendi au kikundi, mahali uliposikika, na shughuli iliyokuwapo. Kama kuna santuri iliyosalia chini ya kitanda, anakili kila neno na kila namba iliyo kwenye lebo. Mzee asipokumbuka mwaka, aulizwe kwa matukio: wimbo huu uliusikia kabla Mzee Karume hajauawa Aprili 1972, au baadaye? Kabla ya kifo cha Mzee Kenyatta mwaka 1978, au baada yake? Hivyo ndivyo wanahistoria wanavyofanya, na hakuna sababu ya kumnyima mwanafunzi wa kidato cha pili kazi hiyo.

Siku ya mjadala, Blue na What's Going On zikaribishwe pia. Zisikilizwe baada ya daftari kusomwa, na kila upande uanze kwa kutaja kipimo chake. Je, tunapima utunzi wa maneno, ufundi wa ala, au idadi ya watu walioishi na wimbo huo? Mshindi awe yule aliyekitetea kipimo chake vizuri zaidi.

Lakini zoezi hili halina muda mrefu wa kusubiri. Wilson Kinyonga alifariki mwaka 1995, miaka mitatu baada ya ndugu yake George. Juma Bhalo alituacha mwaka 2014. Mwaka 2016 peke yake uliwachukua Zein l'Abdin na Shakila. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1971 leo amevuka 70. Orodha za New York na London zitakuwapo mwaka ujao na mwaka utakaofuata, na zitapangwa upya kila wenyewe watakapopenda. Bibi aliyecheza katika harusi ya Vanga mwaka ule, akaukariri wimbo beti kwa beti, hapangwi upya. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Basi mwalimu asomaye haya awape wanafunzi madaftari wiki hii, na awatume nyumbani.